Sauti ya Upinde Ni Nishati Iliyoukosa Mshale

Je, wajua kwamba upinde unaweza kupasuka ukifyatuliwa bila mshale? Hakuna kitu kilichougonga. Mti uliopindwa ulibeba kazi yote iliyofanywa na mikono ya mpigaji, na ulipoachiwa haukuwa na mshale wa kuipokea. Mabawa mawili ya upinde yakaruka mbele, upote, yaani uzi wa upinde, ukakazika ghafla, na nishati yote ikarudi kwenye mti wenyewe. Penye fundo au ufa mdogo ndipo panapoachia. Walimu wa upigaji mishale hukataza jambo hili kabla hata hawajamfundisha mtu namna ya kusimama.

Nimeanza na upinde mtupu kwa sababu unaeleza karibu kila kitu ambacho mnunuzi anataka kujua. Anayetafuta upinde wa asili, ule usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea, huulizia mambo matatu: usimuumize, usipige kelele, na upeleke mshale pale anapolenga. Huyataja kana kwamba kila moja lina dawa yake. Kwa kweli chanzo chake ni kimoja. Nishati isiyoingia kwenye mshale lazima iende mahali. Ikienda kwenye mshiko, kiganja na kiwiko hutikisika. Ikienda kwenye upote, upote hulia. Na kiasi chake kikibadilika kati ya mshale mmoja na mwingine, mishale hutawanyika ubaoni.

Tufanye hesabu ndogo. Uzito wa kuvuta upinde hupimwa kwa ratili, na watengenezaji wengi huuandika kwa mvuto wa inchi 28, kama sentimita 71. Chukua upinde wa ratili 40. Upote unasafiri karibu nusu mita kutoka mahali unapotulia hadi shavuni mwa mpigaji, na nguvu inapanda kutoka sifuri hadi ratili 40. Hapo umehifadhi nishati ya jouli 45 hivi. Upinde mzuri wa mti humpa mshale kama asilimia 70 ya hiyo. Mshale wa gramu 26 ukipokea jouli 30 huondoka kwa mwendo unaokaribia mita 50 kwa sekunde. Jouli 15 zilizobaki zimo ndani ya mabawa yanayosimama kwa kishindo, ndani ya upote unaotetemeka, na sehemu ndogo sana inasikika masikioni.

Badili mshale tu, bila kugusa upinde, na hesabu inabadilika. Mshale mzito huondoka polepole, hivyo unabaki upoteni kwa muda mrefu zaidi na kuyapunguzia mabawa mwendo yanapomaliza safari yao. Unabeba sehemu kubwa zaidi ya nishati. Mshale mwepesi sana huukaribisha upinde kwenye ile hali ya kufyatuliwa mtupu. Wapigaji wa pinde za asili wana kanuni wanayoifuata kwa miaka mingi: kwa kila ratili ya mvuto, mshale uwe na takriban gramu 0.65. Upinde wa ratili 40, basi, unataka mshale wa gramu 26. Ningemshauri yeyote anayelalamikia kelele za upinde wake apime mishale yake kwenye mizani kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Ukimya wenyewe una thamani gani? Tuwatazame Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Kiangazi kinapofikia ukingoni na maji yamebaki kwenye madimbwi machache, wanaume huenda usiku, mara nyingi wawili wawili, wakajificha karibu na maji na kuwangoja wanyama waje kunywa. Umbali ni mfupi, na usiku hauna kelele nyingine ya kuifunika sauti ya upote.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 20 kutoka kwa mwindaji, mlio wa upinde unamfikia baada ya sekunde 0.06. Mshale wa mita 50 kwa sekunde unahitaji sekunde 0.4. Katikati kuna pengo la theluthi moja ya sekunde, na ndani ya pengo hilo swala hana haja ya kukimbia. Anapojiandaa kuruka, kwanza hukunja miguu na mwili wake unashuka. Tukimpa sehemu moja ya kumi ya sekunde ya kushtuka, muda uliobaki unatosha mwili kuanguka karibu sentimita 28 kwa uzito wake tu, na mshale uliolengwa kifuani unapita juu ya mgongo. Hakuna upinde wa mti unaoweza kuushinda mwendo wa sauti. Kwa hiyo kuongeza ratili ili mshale uwahi hakusaidii kama kupunguza mlio.

Kenya imepiga marufuku uwindaji wa wanyamapori tangu mwaka 1977, na wengi wanaonunua upinde mjini watapiga ubao wa shabaha pekee. Hata hivyo mlio unabaki kuwa habari muhimu kwao. Upinde uliorekebishwa vyema hutoa sauti fupi, nzito, inayokatika. Ule wenye kasoro hupiga kofi, au huvuma kwa muda baada ya mshale kuondoka.

Starehe huanza na ratili, na hapa ndipo watu wengi huharibikiwa, kwa sababu historia ya upinde imejaa majitu. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kiunzi chake kikainuliwa kutoka baharini mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde ndefu 172, na watafiti wamekadiria kwamba nyingi zilihitaji mvuto wa kati ya ratili 100 na 185. Huku kwetu, Waata wa nyika ya Tsavo, ambao majirani na wakoloni waliwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde zilizozidi ratili 100 na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Wapigaji wa Mary Rose na Waata hawakujuana, lakini walifika kwenye nguvu zinazokaribiana kwa kutumia mti, uzi na mgongo wa binadamu.

Nguvu hiyo ilikuwa na gharama. Kati ya mifupa ya mabaharia wa Mary Rose, watafiti waliona mabega kadhaa ambayo ncha ya mfupa wake haikuungana kama inavyoungana kwa mtu mzima wa kawaida, dalili inayohusishwa na kuvuta pinde nzito tangu ujana. Wahadzabe nao huanza mapema sana: mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa bado na umri mdogo, na kadiri anavyokua ndivyo upinde wake unavyokua. Mtu mzima aliyeketi ofisini miaka 15 na akaagiza upinde wa ratili 60 anajaribu kuruka safari yote hiyo. Anachopata ni maumivu ya bega na kuachia mshale kabla mkono haujatulia.

Kwa mtu mzima anayeanza, ratili 25 hadi 35 zinatosha, na wala hazimwaibishi. Kuna jaribio zuri la kukata maneno. Kaa kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili kutoka sakafuni, elekeza mshale kwenye ubao, kisha vuta hadi shavuni na ushikilie kwa sekunde kadhaa. Miguu ikiwa hewani huwezi kuiba nguvu ya nyonga wala kujirusha nyuma. Mkono wa mbele ukitetemeka au mwili ukipinda, upinde huo umekuzidi leo. Na kumbuka kwamba namba iliyoandikwa kwenye bawa ni ya inchi 28. Mwenye mikono mifupi anayevuta inchi 26 atakuwa anashika ratili tano hivi pungufu, na mwenye mikono mirefu atakuta upinde mgumu kuliko alivyoambiwa.

Baada ya ratili, tazama urefu. Upinde mfupi ukivutwa sana, upote hufanya pembe kali mahali ulipo mshale, na vidole vitatu vinavyoushika hubanwa pamoja hadi vinauma. Isitoshe, inchi za mwisho za mvuto huwa nzito ghafla, kwa sababu mabawa mafupi yamekwisha kupindwa karibu na mwisho wa uwezo wao. Mpigaji akiwa kwenye ukuta huo, akivuta nusu inchi zaidi au pungufu, mwendo wa mshale unabadilika na mshale hupanda au kushuka. Kwa mvuto wa inchi 28, upinde mrefu wenye inchi 66 hadi 68, yaani sentimita 168 hadi 173, huvutika kwa ulaini kutoka mwanzo hadi mwisho na husamehe makosa madogo ya vidole. Upinde mfupi una kazi yake kwenye kichaka kinene au juu ya farasi, lakini ukiniuliza mimi, sioni sababu ya anayeanza kujitesa nao.

Mtikisiko wa mkono hutokana zaidi na ncha za mabawa. Ncha ndizo zinazosafiri mbali na kwa kasi zaidi, kwa hiyo kila gramu iliyoko pale inakula nishati kuliko gramu iliyoko karibu na mshiko. Mafundi wa kale walilijua hili kwa mikono yao. Upinde uliochimbuliwa Holmegaard, nchini Denmark, mwaka 1944 una umri wa miaka ipatayo 9,000, na mabawa yake ni mapana katikati kisha yanakuwa membamba kuelekea ncha. Unapokagua upinde dukani, angalia ncha kabla ya kuvutiwa na mapambo ya mshiko.

Pinde ambazo ncha zake zimekunjwa kwenda mbele huhifadhi nishati zaidi kwa mvuto uleule, ila upote wake hulala juu ya bawa, na ukirudi hulipiga. Ndiyo ile sauti ya kofi. Kipande chembamba cha ngozi kikibandikwa pale hupunguza mlio mara moja. Kwa upinde wa aina yoyote, vijifundo vya sufu au manyoya hufungwa kwenye upote, kimoja kwenye robo ya urefu wake kutoka ncha ya juu na kingine kwenye theluthi kutoka ncha ya chini. Sehemu hizo hazilingani kwa makusudi: mtetemo mmoja ukikuta kifundo cha kwanza mahali ambapo hauchezi, cha pili huunasa. Usizidishe, kwa sababu kila kifundo ni mzigo ambao upote lazima uukimbize.

Sasa shabaha. Mshale kwenye upinde wa asili haukai mbele ya upote moja kwa moja. Unalala ubavuni mwa mshiko, na ncha yake inaelekea pembeni kidogo ya shabaha. Kwa akili ya kawaida ungeruka kando. Katika karne iliyopita Mmarekani Clarence Hickman, mwanafizikia, alipiga picha za kasi kubwa zilizoonyesha kinachotokea. Upote unapousukuma, wano, yaani kijiti cha mshale, hujipinda, hujizungushia mshiko, hujipinda upande wa pili, na huendelea kuyumba hivyo likielekea mbele hadi litulie. Mkia unapita bila kuugusa upinde.

Hilo linawezekana tu ikiwa ugumu wa wano unaendana na upinde. Wano gumu mno halijipindi vya kutosha, hugonga mshiko, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia mshale huenda kushoto. Lililo laini mno huenda kulia. Ugumu huu hupimwa kwa njia rahisi kabisa: wano la mti huegemezwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, uzito wa ratili mbili huning'inizwa katikati, na mpimaji husoma limeshuka kiasi gani. Mishale ya seti moja ikishuka tofauti, hakuna mazoezi yatakayoikusanya ubaoni. Mhadzabe hana nguzo hizo, lakini ana moto na meno. Hupasha kijiti joto, hukitazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho, huuma mahali palipopinda na kukikunja polepole, kisha hukitazama tena. Mishale yake mirefu yenye manyoya ya kanga au tai hupata uangalizi mwingi, kwa kuwa anajua ndiyo inayosafiri.

Upinde ukishapatikana, kazi inayobaki ni ya masikio. Pima nafasi kati ya upote na sehemu ya ndani kabisa ya mshiko; kwa upinde mrefu huwa sentimita 15 hadi 19 hivi. Vua upote, usokote mizunguko mitatu minne, uvike tena. Umekuwa mfupi kidogo na nafasi imeongezeka. Piga mishale michache, sikiliza, sokota tena. Utafika mahali ambapo mlio unashuka na kuwa mzito, na mtikisiko kiganjani unapungua kwa wakati uleule. Ukiendelea kusokota, kelele inarudi. Weka alama pale palipokuwa kimya.

Angalia pia koleo, ule mkato wa nyuma unaoshika upote. Ning'iniza mshale kwenye upote ukielekea chini: ujishikilie wenyewe, na ukiugonga upote kwa kidole udondoke. Ukikataa kudondoka, koleo limebana na litaung'ang'ania upote siku ya kupiga, tofauti kila mara. Ukidondoka kabla ya kuguswa, uko hatarini kufyatua upinde mtupu.

Na jioni, vua upote. Mti ulioachwa umepindwa usiku kucha hujifunza kupinda, na asubuhi utakurudishia ratili chache kuliko ulizonunua.