Mchoro Una Uso Mmoja, Chungu Kina Pande Zote

Leo tutajifunza tofauti kati ya kuchora na kufinyanga.

Ninyi wa Kondoa mnayajua majabali ya Kolo. Watu wa kale walichora juu yake watu na wanyama kwa rangi nyekundu. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni kazi nzuri sana, lakini mchoro una uso mmoja tu. Ukizunguka nyuma ya jabali, huuoni upande wa pili wa mnyama. Sasa twaa chungu, ukizungushe. Kina mbele na nyuma, nje na ndani. Hata asiyeona hukijua kwa mikono yake.

Yuko mama mmoja aliyetoka katika kuchora akaingia katika udongo. Jina lake ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Kwanza alifanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kuongeza elimu yake, na huko akaupenda udongo. Katika miaka ya 1974 na 1975 alisafiri mpaka Nigeria, kwenye chuo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo huitwa Suleja. Huko alijifunza kwa wafinyanzi wanawake. Mmoja wao alikuwa Ladi Kwali, aliyefundishwa kazi hiyo na shangazi yake kijijini.

Je, alijifunza nini? Alijifunza kujenga chungu kwa mikono, bila gurudumu. Udongo hukandwa, kisha huviringishwa kama kamba nene. Kamba huwekwa juu ya kamba, na chungu huinuka kidogo kidogo. Kisha hukwanguliwa, husuguliwa mpaka king'ae, hukaushwa, na mwisho huchomwa. Moto ukipata hewa tele, chungu cha Odundo hutoka chekundu. Kikichomwa tena katika moshi na hewa ikazibwa, hutoka cheusi.

Lakini angalieni! Chungu kibichi kisitiwe motoni. Maji yaliyomo hugeuka kuwa mvuke, mvuke hukosa njia, na chungu hupasuka. Kazi ya siku nyingi hupotea mara moja. Kwa hiyo kaushe polepole kivulini. Tena wafinyanzi wengi huchanganya udongo na mchanga, au na vigae vilivyosagwa, ili mvuke upate pa kupita.

Labda yuko mmoja kati yenu asemaye, "Mimi sina elimu, najua vyungu tu." Ndugu yangu, usiseme hivyo. Msomi wa chuo cha Uingereza alifunga safari kwenda kufundishwa na akina mama wa namna yako. Anayejua udongo upi hupasuka na upi hustahimili moto ana elimu. Lakini elimu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Sasa unajua kuandika: basi iandike.

Kazi ya darasa:
1. Kwa nini chungu kibichi hupasuka motoni?
2. Chungu cheusi cha Odundo hupataje rangi yake?
3. Mwulize mfinyanzi, msusi wa vikapu au mchongaji wa kwenu jinsi afanyavyo kazi. Andika hatua zake moja moja katika daftari.