Kukinga Mikono Wakati wa Kipupwe

Miezi ya Juni na Julai ni majira ya kipupwe. Huko Mollo, karibu na mji wa Sumbawanga, asubuhi huwa na baridi kali, kwa kuwa uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mkulima aendaye shambani mapema hushika majani yenye umande, na baada ya muda vidole vyake hufa ganzi. Mkono wenye ganzi haushiki mundu sawasawa. Tena ukikatwa, mwenyewe huchelewa kuhisi.

Je, ni baridi ya hewa peke yake iletayo ganzi? Fanya jaribio hili. Lowesha mkono mmoja. Mwingine uwe mkavu. Simama penye upepo, uinyoshe yote miwili. Mkono uliolowa utaona baridi zaidi. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi, na upepo huharakisha jambo hilo.

Basi kumbuka haya:

1. Kausha mikono kwa kitambaa kila inapolowa.

2. Vaa glavu za sufu ukiwa nazo. Hewa iliyo kati ya nyuzi zake huzuia joto lisitoke upesi. Zikilowa, zivue.

3. Vidole vikifa ganzi, vitie kwapani. Usivisogeze motoni, maana vitaungua kabla hujahisi.

Swali: Kwa nini glavu zilizolowa hazitunzi joto vizuri?