Ramani ya Mti wa Ntasesa



Kiongozi wa doria huisoma ramani kabla ya kuondoka. Kwa ramani iliyo karibu na hiyo, wataalamu wa misitu huutafuta mti ambao Waganda huuita ntasesa, na ambao jina lake la kitaalamu ni Prunus africana. Humea katika misitu ya milimani, na hapa Uganda hupatikana Elgon, Ruwenzori na Bwindi. Gome lake ni dawa ya waganga wetu wa jadi. Nako Ulaya, tangu miaka ya 1960, hutengenezwa dawa ya tezi dume iliyovimba, maradhi ya wanaume wenye umri. Faida hiyo ndiyo iliyouponza mti. Tangu mwaka 1995 biashara yake ya nje imo chini ya mkataba wa CITES, ambao Uganda ni mwanachama wake.

Ramani yenyewe hutengenezwa hivi. Kila mahali mti ulipoonekana huandikwa, pamoja na mwinuko, mvua na joto la hapo. Kisha kompyuta hutafuta mahali pengine penye hali kama hiyo na kupapaka rangi. Lakini rangi si mti. Ramani yasema kuwa mahali panafaa. Haisemi kama shoka limekwisha kupita. Tena watafiti nao huchoka kupanda milima, hivyo kumbukumbu nyingi hutoka kandokando ya njia, na bonde la mbali laweza kuonekana tupu ilhali lina miti.

Joto la dunia likizidi, hali inayoufaa mti huu husogea juu mlimani, na huko juu ardhi ni finyu. Mbegu zake nazo hupoteza uhai upesi, haziwekeki ghalani kwa miaka. Akiba yetu ni miti mikubwa iliyosimama.

Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka wote mara nyingi hufa. Uliobanduliwa sehemu tu, kwa utaratibu, huweza kupona. Askari wa doria akikuta shina tupu pande zote, na aandike mahali hapo na mwinuko wake. Penye kizuizi cha barabara, mwenye magunia ya magome aweza kusema amebeba kuni. Gome bichi likivunjwa hutoa harufu ya lozi. Aulizwe kibali.

Taarifa hizo zikifika kwa watu wa misitu, ramani husahihishwa, na hujulikana ni wapi mbegu zitaokotwa na ni wapi miche itapandwa.