Neno la Khirad Halina Uzito

Tamthilia ya Kiurdu Humsafar ilirushwa na Hum TV ya Pakistan kuanzia Septemba 2011 hadi Machi 2012, vipindi 23, na mpaka leo huitwa hadithi ya mapenzi ya Khirad na Ashar. Jina lenyewe laelekeza huko: humsafar ni mwenzi wa safari, na Mswahili hahitaji tafsiri ya neno safari lililojificha humo. Lakini nionavyo mimi, kiini chake si mapenzi. Ni ushahidi: ndani ya nyumba ile, ni neno la nani linaloaminiwa?

Khirad anatoka Hyderabad ya Sindh, mama yake akiwa mgonjwa wa kufa, na anaozwa kwa binamu yake Ashar, mtoto wa mjomba wake tajiri wa Karachi. Mama mkwe, Farida, hamtaki. Anamsukia fitina hadi Ashar anaamini kwamba mkewe ametembea na mwanamume mwingine, na Khirad anafukuzwa akiwa na mimba. Farida huyo anajulikana kwa kutetea haki za wanawake, na heshima hiyo ndiyo inayompa nguvu: nani atamshuku? Anayetoka katika umaskini hana wa kumsemea. Farhat Ishtiaq, aliyeandika riwaya na kisha mswada wa tamthilia, angeweza katika kitabu kutueleza mawazo ya Khirad moja kwa moja. Kamera haiwezi hilo, kwa hiyo mwongozaji Sarmad Khoosat ametufanya mashahidi. Mtego tumeuona ukitegwa. Kisha uso wa Mahira Khan, anayemcheza Khirad, unaachwa kwenye kioo, kimya, nasi juma zima tunabaki na ukweli ambao hatuna wa kumwambia.

Hata wimbo wa utangulizi unaunga mkono usomaji huu. Maneno yake ni ghazali ya Naseer Turabi, iliyotungwa baada ya Dhaka kuanguka mwaka 1971, Pakistan ilipopoteza nusu yake ya mashariki. Sauti ya Quratulain Balouch imeyahamisha maombolezo ya nchi hadi kwenye kitanda cha ndoa, na hayakupwaya, kwa sababu pande zote mbili kidonda ni cha ndugu waliokoma kuaminiana.

Wapo wanaolaumu kwamba tamthilia hii inamfundisha mwanamke kuvumilia. Lawama hiyo ina uzito: Khirad analia mno, na mama mkwe katili ni sura iliyochakaa katika tamthilia za eneo lile. Hata hivyo, tutazame anachofanya baada ya kufukuzwa. Harudi kuomba msamaha. Anamlea binti yake, Hareem, peke yake kwa miaka, na anapomtafuta Ashar ni kwa sababu moyo wa mtoto una kasoro na matibabu yanahitaji fedha. Anadai wajibu wa baba, haombi huruma ya mume, na mtu aliyezoeshwa kuvumilia tu hadai hivyo. Ashar, aliyechezwa na Fawad Khan, anagharamia matibabu, anambeba mtoto, anacheza naye. Anampenda Hareem kwa moyo wote, na bado neno la mama wa mtoto huyo halijaingia masikioni mwake.