Kobayi chini ya kitanda: kwa nini wanakufa, na namna ya kuwatunza



Katika vikao vya Butembo na Beni swali moja linarudi kila mara: "Kobayi wangu walikuwa kumi na tano, sasa wamebaki watatu. Ni ugonjwa gani huu?" Mara nyingi si ugonjwa wa ajabu. Ni chakula, ni moshi, ao ni dume mmoja ambaye amezaa na binti zake tangu miaka miwili.

Kobayi, wengine wanamwita dende, anafugwa zaidi na wamama na watoto, jikoni ao chini ya kitanda. Wababa wengine wanamcheka, eti ni kama panya. Lakini mbuzi anaonekana kutoka barabarani, kobayi haonekani. Waliokimbia vijiji vya Beni tangu 2014 wanajua vizuri: mbuzi anabaki nyuma ao anachukuliwa, lakini kobayi watatu wanaingia katika kitunga kimoja pamoja na sufuria. Jike mwenye mimba na dume mmoja wanatosha kuanza upya. Na wakati shule inadai pesa, unauza wawili watatu bila kugusa shamba.

Tuanze na chakula, juu ndicho kinaua wengi. Mwili wa kobayi, kama wetu sisi watu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura, mbuzi na kuku wanaitengeneza wenyewe, yeye hapana. Anaipata zaidi katika majani mabichi. Ukimpa pumba ya mahindi na maganda makavu peke yake, kisha wiki chache utaona: nywele zinasimama, viungo vinavimba, anatembea kwa shida, jike anatoa mimba. Hapo watu wanaanza kusema jirani ameweka sumu. Jirani hana kosa. Mupe majani mabichi kila siku, asubuhi na jioni: matembele, nyasi laini, majani ya mahindi na ya maharagi. Maganda ya ndizi ni nyongeza tu. Majani yenye maji ya mvua ao umande yatandaze kwanza yakauke, juu yanaweza kujaza tumbo hewa. Majani ya avoka, ya nyanya na ya viazi vya kizungu ni sumu. Ya muhogo mabichi pia yaache. Na usikate majani pembeni ya shamba lililopigwa dawa. Maji safi yawepo, zaidi kwa jike anayenyonyesha.

Jambo lingine ambalo wengi hawajui: penisilini na amoksisilini zinaweza kuua kobayi. Zinaharibu vijidudu vizuri vya tumbo lake, anaharisha, kisha siku chache amekwisha. Usichukue dawa iliyobaki ya mtoto ukampa. Uliza veterineri kwanza, na umwambie wazi kwamba ni kobayi, si sungura.

Kuhusu nyumba, moshi wa jikoni unamletea kikohozi. Kama hauna nafasi nyingine, tenga kona mbali na moto, karibu na mlango. Kobayi hapandi, kwa hiyo ukuta wa sentimita 40 ao 50 unamzuia, lakini haumzuii paka, panya ao nyoka. Funika juu na wavu. Chini pawe pakavu, na majani makavu unayobadilisha; yale ya zamani yaende kwenye migomba ao mboga, ni mbolea nzuri. Butembo iko juu na usiku kuna baridi, basi ziba upepo na uongeze majani ya kulalia. Beni kuna joto, na joto linamshinda kuliko baridi: weka kizimba kivulini, hewa ipite.

Sasa uzazi. Jike anabeba mimba zaidi ya miezi miwili, siku 65 mpaka 70, na anazaa wawili ao watatu. Watoto wanatoka na nywele na macho wazi, siku za kwanza wanaanza kuonja majani. Wananyonya wiki tatu. Hapo ndipo kosa linaingia: dume mdogo wa wiki nne anaweza kupanda mama yake na dada zake. Mutenge akimaliza tu kunyonya. Jike naye asingoje sana: kama hajazaa mpaka miezi saba, mifupa ya nyonga inakaza, na mimba ya kwanza inaweza kumuua. Mupeleke kwa dume akiwa na miezi mitatu hivi.

Dume mmoja anatosha kwa majike watano mpaka wanane. Lakini asibaki na binti zake, juu kizazi kinadhoofika. Hakuna haja ya kununua mwingine: wanamemba wawili wa vijiji tofauti mubadilishane madume kila mwaka, na sekretere aandike kwenye daftari dume alitoka kwa nani na alienda kwa nani, ili asirudi kwenye nyumba aliyozaliwa.