The Lion King ya 1994 na ya 2019: Kwa nini mama analia na mtoto anauliza maswali

Jioni ikiingia Tunduma, malori bado yako kwenye foleni ya kwenda Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Ndani, jiko linawaka, na TV ndiyo inayowatuliza watoto mpaka ugali uive.

Chukua mfano wa nyumba moja. Mtoto wa miaka tisa amejaziwa flashi muvi za wiki, na ndani yake kuna The Lion King ya 2019. Mama anamwambia, "Hiyo siyo yenyewe mwanangu. Yenyewe ni ile ya katuni." Wanakubaliana waangalie zote mbili, leo moja na kesho nyingine.

Nani yuko sahihi? Kwanza tuone zinatofautiana wapi.

Hadithi ni ileile

Muvi ya kwanza ilitoka mwaka 1994, ikaongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff. Ya pili ilitoka Julai 2019 chini ya Jon Favreau. Ya zamani ina dakika 88, mpya ina dakika 118, yaani imeongezeka nusu saa nzima.

Kisa hakijabadilika. Mfalme Mufasa anauawa na ndugu yake, Scar, katikati ya nyumbu wanaokimbia bondeni. Scar anamwaminisha Simba mdogo kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Simba anakimbia, anakulia mbali, halafu anarudi kudai haki.

Wale simba siyo wa kweli

Watoto wengi wakiona ya 2019 wanadhani ni simba waliorekodiwa mbugani. Siyo kweli. Ni kazi ya kompyuta, kuanzia manyoya mpaka vumbi. Favreau mwenyewe alisema kuna shoti 1,490 zilizotengenezwa na mafundi, na moja tu iliyopigwa kwa kamera barani Afrika. Ni ile ya mwanzo kabisa, jua linapochomoza.

Ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Hata hivyo, kompyuta ilisaidia kwenye nyumbu wanaokimbia, na kipande hicho kifupi kilichukua zaidi ya miaka miwili kukamilika. Kabla ya kuchora, baadhi ya watengenezaji walikwenda Hell's Gate, hifadhi ya Kenya, kuangalia miamba na mandhari.

Kwa nini ya zamani inaliza zaidi

Hapa mama ana hoja. Mchoraji anaweza kumpa simba nyusi, akamkunja uso, akamjaza machozi machoni. Simba wa kweli hana uso wa namna hiyo. Watengenezaji wa 2019 walitaka wanyama wafanane na wa mbugani, kwa hiyo Simba akisimama mbele ya mwili wa baba yake, sura yake haisemi mengi. Huzuni unaipata kwenye sauti na muziki.

Sauti moja kubwa imebaki ileile. James Earl Jones ndiye Mufasa kwenye muvi zote mbili, miaka 25 katikati. Alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Wengine wamebadilika: Zazu wa zamani ni Rowan Atkinson, yule yule Mr. Bean, na Nala mkubwa wa 2019 ni Beyoncé.

Kwenye tuzo, ya 1994 ilichukua Oscar mbili za muziki. Ya 2019 iliishia kuteuliwa kwa ufundi wa picha, ila mapato yake duniani yalivuka dola bilioni 1.6.

Mtoto wa Tunduma ana faida

Majina mengi hayahitaji mkalimani. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki. Pumbaa ni mtu aliyeduwaa, akili haipo. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwa kali.

Shenzi, fisi jike, jina lake hapa ni tusi, kwa hiyo usishangae mtoto akicheka. Fisi wenzake wa zamani, Banzai na Ed, mwaka 2019 nafasi zao zimechukuliwa na Kamari na Azizi.

Na "hakuna matata"? Mtaani Tanzania utasikia zaidi "hamna shida". Ndani ya muvi maneno hayo yana mtego: Timon na Pumbaa wanamfundisha Simba kusahau yote. Kusahau kunamsaidia kukua, lakini hakumwondolei mzigo alionao moyoni.

Swali lililosimamisha muvi

Siku ya pili wanaangalia ya katuni. Mufasa ameshakufa, Scar anamwambia Simba akimbie. Mtoto anauliza, "Mama, kwani ni Simba ndiye aliyemuua baba yake?"

Mama anataka kujibu haraka, halafu anasita. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na alifia barabarani miaka miwili iliyopita. Siku ile mtoto alimpigia simu akimwomba awahi kurudi.

Anasimamisha muvi. "Hapana. Scar alidanganya. Simba alikuwa mtoto tu."

"Na mimi nilimwambia baba awahi."

"Ulimwambia kwa sababu ulimpenda. Hukumuua wewe."

Watoto wadogo waliofiwa mara nyingi hujibebesha lawama kimyakimya. Wanaunganisha neno walilosema na jambo lililotokea baadaye, kisha hawamwambii mtu. Mtoto anaweza kushindwa kusema habari zake mwenyewe, lakini akauliza za Simba.

Ukiangalia na mwanao

• Usiizime TV kwenye kifo cha Mufasa. Kaa naye karibu.
• Akiuliza, simamisha muvi na umjibu wazi. Kufa sema kufa. Ukimwambia mtu "amelala" au "amesafiri", mtoto ataendelea kumsubiri.
• Muulize nani alidanganya, na kwa nini Simba aliamini.
• Kama naye amefiwa, mwambie waziwazi kwamba siyo kosa lake. Mrudie hata siku nyingine.

Kuhusu ipi kali, nyumba ile haijakubaliana. Mtoto bado anasema ya 2019 ina simba wazuri zaidi. Ila usiku huo aliomba warudie ya katuni, kuanzia pale Simba anaporudi nyumbani.