Mawasiliano ya Biashara Katika Mfumo Mmoja

Mfanyabiashara mwenye ofisi Mombasa, ghala Nairobi na wakala Dubai aghalabu huwa na simu ya mezani, barua pepe, ujumbe wa simu ya mkononi na mikutano ya video, kila kimoja kwa njia yake na kwa ankara yake, hata mteja aliyeeleza haja yake asubuhi akalazimika kuieleza upya alasiri kwa karani mwingine asiye na habari. Mfumo wa mawasiliano uliounganishwa huiondoa adha hiyo, kwa kuwa sauti, maandishi na picha hugeuzwa vipande vya data vipitavyo katika mtandao mmoja, na nambari moja humfuata mtumishi mezani, safarini au nyumbani.

Kabla ya mwaka 2009 jambo hili lilikuwa zito kwetu, maana intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi, na sauti ilichelewa hata wazungumzaji wakakatizana maneno; nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika pwani mwaka huo, ndipo njia ilipofunguka.

Nasaha yangu ni kwamba mwenye kutaka mfumo huu aupime kwanza mtandao wake, kwani simu moja ya sauti isiyobanwa huhitaji karibu kilobiti 100 kwa sekunde kila upande; na kwa kuwa umeme ukikatika simu nazo hunyamaza, hapana budi aweke betri ya akiba na laini ya kampuni ya pili, kisha aanze na idara moja tu, ile ipokeayo wateja.